Holda ya kicheza muziki kwenye pikipiki: achana na ya springi

Mkuu, umeuliza kama holda ya springi inatosha kushika kicheza muziki kwenye usukani, au uongeze hela uchukue ya kufunga kwa bolti. Chukua ya bolti. Ya springi ilishaniangushia simu ya zamani niliyokuwa naitumia kwa nyimbo tu. Nilipanda tuta, tairi la mbele likarukaruka, wimbo ukakatika. Kuangalia chini, taya za holda ziko wazi, waya wa spika za helmeti unaning'inia. Simu niliikuta nyuma huko imelala kifudifudi, kioo chote nyufa.

Kwanza pima unene wa usukani pale utakapofunga. Pikipiki nyingi ni milimita 22, usukani mnene ni 28 na kitu, na kruza nyingi (zile pikipiki zenye kiti cha chini, za kwenda kwa utulivu) ni 25.4. Kibanio kikizidi bomba, kaza utakavyokaza, kitazunguka tu. Mimi nilikata kipande cha tyubu kuukuu nikakivika bomba kabla ya kufunga, na tangu hapo holda haijasogea. Kwenye nati tia tone la gundi ya nati ya bluu, ile ambayo bado inafunguka kwa spana.

Sasa mtetemo. Huu wengi wanaudharau kwa sababu hauangushi kitu, unaua taratibu. Mwaka 2021 Apple wenyewe walitahadharisha kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kudhoofisha kamera za iPhone. Kwa hiyo kama muziki wako uko kwenye simu, tafuta holda yenye mpira wa kufyonza mtetemo. Kama ni kicheza muziki cha zamani chenye diski inayozunguka ndani, mfano iPod classic, tafadhali usikifunge kwenye usukani kabisa, kiweke mfuko wa ndani wa koti. Cha kumbukumbu ya flashi hakina kinachozunguka, hicho kinavumilia.

Funga karibu na katikati, kwani ncha za usukani ndizo hutetemeka zaidi. Ukimaliza, zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, uone holda haigusi tangi wala haivuti waya wa klachi.

Halafu weka kamba ya akiba. Ifunge kwenye usukani wenyewe, si kwenye holda, maana holda nayo huvunjika. Iwe fupi, kitu kikichomoka kisifike kwenye tairi.