Askari ni nani hasa, wa jeshini au wa getini?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mjomba wangu mstaafu wa jeshi kamfokea binamu yangu kisa kamwita mlinzi wa getini askari, eti askari ni wa jeshini tu. Mimi nimeishi Nairobi, kule ukisema askari watu wanamuelewa huyohuyo wa geti, au kanjo, yaani askari wa jiji. Nani yuko sawa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Mwambie mjomba, kwa heshima zote, hata jeshi lenyewe halimsaidii sana, maana huko wanasema "maafisa na askari", yaani askari ni wale wa vyeo vya chini, ukiwataka wote kwa pamoja sema wanajeshi. Halafu polisi wana askari, magereza wana askari, wanyamapori nao wana wao, sasa tuwanyang'anye wote?

Neno ni la Kiarabu, askar ni jeshi na askari ni mtu wa jeshi, na inasemekana Waarabu nao walilitoa kwa Waajemi, lashkar. Huku kwetu lilinoga enzi za Mjerumani. Wissmann, kamanda wa Kijerumani, alipokuja 1889 kupigana na akina Abushiri waliowapinga Wajerumani huku pwani, alileta Wasudani aliowaajiri Misri na wengine kutoka Msumbiji, wakaitwa askari, Wajerumani wakalibeba neno kwenye lugha yao hivyohivyo, na Waitaliano kule Eritrea nao wakawa na ascari wao. Ila angalia, afisa Mzungu hakuitwa askari hata siku moja, askari alikuwa Mwafrika anayebeba bunduki ya mkoloni kwa mshahara. Kwa maoni yangu huyo wa getini hajaiba jina la mtu, naye kaajiriwa kulinda cha mwenzake.

Afrika Kusini ndo usijaribu kabisa. Enzi za ubaguzi wapiganaji wa ukombozi waliokamatwa wakageuzwa kuwinda wenzao waliitwa askari, kambi yao ilikuwa Vlakplaas karibu na Pretoria, kwa hiyo kule ni sawa na kumwita mtu msaliti. Na kwa watu wa mbugani, dume kijana wa tembo anayefuatana na dume mzee naye ni askari, huyo sijui mjomba atamfokea vipi.

SWALI: Na Keya je? Babu alikuwa anasema "askari wa Keya". (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hiyo ni KAR, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la tangu 1902, watu walizisikia zile herufi wakazitamka wanavyoweza. Kama Kariakoo tu, inatokana na Carrier Corps, wapagazi wa vita vya kwanza, ambao wengi walikufa kwa maradhi na njaa bila kushika bunduki. Sanamu ya kumbukumbu ya vita hivyo pale Samora, Dar, ya 1927, ni askari peke yake na singe yake, ya Nairobi pale Kenyatta Avenue wako watatu, na mmoja wao ni mpagazi.