Nimeshaimaliza Daft Punk, sasa nisikilize nini?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi ni msomaji wako wa Tabata, napenda sana haus na elektro ya Wafaransa, ile midundo ya klabu inayotengenezwa kwa mashine, nilianza na kundi la Daft Punk afu nikaingia kwa kundi la Justice, ila toka Daft Punk wavunje kundi 2021 naona nazunguka palepale tu. Nikifungua ap ya muziki inanipigia ngoma zilezile, nikilazimisha vitu vipya naletewa mamidundo ya gym hayana ladha yoyote. Kule Ufaransa bado kuna watu wanatoa kazi mpya? Nawapataje?

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Wapo tena wengi, ila we unatafuta msanii na kwenye muziki huu msanii hakufikishi mbali, shika lebo, yaani kampuni inayotoa muziki. Prodyuza wa haus anaweza kutoa EP, kialbamu kifupi cha ngoma nne, afu akapotea miaka, siku akirudi kaja na jina lingine kabisa, lakini lebo ndogo ina mwenyewe, mtu mmoja au wawili wanaochagua kila kinachotoka pale kwa masikio yao, kwa hiyo ukishapenda kitu kimoja chao na kinachofuata kuna uwezekano mkubwa utakielewa.

Na hiyo njia umeshaanza kuipita bila kujua. Hao Justice wametokea Ed Banger, lebo ya Paris iliyoanzishwa 2003 na Pedro Winter, na Pedro ndo alikuwa meneja wa Daft Punk mpaka 2008. Sasa angalia hii: Thomas Bangalter wa Daft Punk naye alikuwa na kalebo kake, Roulé, na 1998 kakatoa ule wimbo wa kundi la Stardust, Music Sounds Better With You, ambao DJ akiuweka mpaka leo watu wanapiga mayowe. Stardust walikuwa watatu, Bangalter, Alan Braxe na Benjamin Diamond, wakatoa wimbo huo mmoja basi, hakuna mwingine. Ungekuwa unamfuata msanii safari ingeishia hapo! Lakini ukisoma majina ya waliohusika unamkuta Braxe, ukimfuata unafika Vulture, lebo yake mwenyewe, na humo unakutana na Fred Falke, yule mpiga gitaa la besi, na mi nakuambia kabisa besi lake litakukamata wiki nzima. Kusoma nani katoa nini ingia tovuti ya Discogs, ni bure, kila lebo imepangiwa kazi zake zote toka ya kwanza.

Hayo ya zamani. Za karibuni anza na InFiné, ipo toka 2006, hawa hawaogopi kitu, wametoa kazi za prodyuza Rone ambazo unaweza kufumba macho ukasikiliza tu, wana mpiga piano wa Luxembourg Francesco Tristano anayetoka kwenye klasiki anaingia tekno kama hakuna mpaka, na 2018 wakatoa albamu ya Deena Abdelwahed, DJ wa Tunisia, inaitwa Khonnar. Hiyo isikilize usiku na hedifoni, ina giza na ina ngoma za kwao Afrika Kaskazini zimekatwakatwa mpaka unashangaa mwili unacheza vipi, kwangu ni moja ya kazi bora kabisa zilizotoka kwenye lebo yoyote ya Kifaransa. Ukitaka kitu laini chenye kinanda na gita nenda Roche Musique, ndo kwao FKJ na Darius, ya asubuhi zaidi kuliko ya klabu. Antinote ya Paris ni wagumu kidogo, mara ya kwanza unaweza kuona biti haijaisha kutengenezwa, vumilia, rudia.

Sasa pa kuwapata. Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, humohumo ambamo lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala wanauza singeli ya prodyuza Sisso wa hapa Dar. Fungua ukurasa wa lebo, bonyeza kufuata, wakitoa kitu unaletewa imeili. Afu chini ya albamu kuna vipicha vya walioinunua, bonyeza kimoja unaona kila kitu mtu huyo alichonunua, chagua aliyenunua vitu vitatu vinne unavyovipenda na we afu chimba kwake, hakuna mfumo wa ap unaomfikia binadamu mwenye masikio kama yako. Ukiwa unapika au uko kwenye foleni washa FIP, redio ya umma ya Ufaransa, wana chaneli ya mtandaoni ya elektro peke yake, haina matangazo na jina la wimbo linatokea, lipige skrinshoti.

SWALI: Kaka hizo za Bandcamp mpaka ninunue? Na sina kadi ya benki. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kusikiliza kwanza ni bure dada, nyingi unazipata wimbo mzima. Ukipenda nunua hata ngoma moja, kadi ya Visa ya mtandaoni unayotengeneza kwenye M-Pesa inatosha. Kwenye mauzo ya dijitali Bandcamp wanachukua asilimia 15 au 10, na nyingine ukitoa makato ya malipo inaenda kwa lebo na msanii. Kuna Ijumaa maalumu walizoanzisha 2020 ambazo wao hawachukui fungu lao, mi nasubirigi hizo.