Ukiwapeleka watoto kuona treni za bustanini, anzia stesheni kwanza

Aisee wazazi wenzangu, Jumamosi nilitoka na wanangu wawili, tukapanda Kosta asubuhi Arusha hadi Moshi, kuna babu mmoja mstaafu kule Shanty Town amejaza bustani yake reli za treni ndogondogo na siku hiyo alifungua geti watu waje kuangalia. Nilishawapeleka mara moja mwaka jana, dakika kumi tu wakachoka wakaanza kuulizia chipsi, iliniuma kweli.

Safari hii nikaanzia stesheni ya Moshi. Hata kama treni haipo nyie nendeni tu, ombeni ruhusa, watoto waone reli, mataruma, kokoto, wapime upana kwa hatua. Ni mita moja kutoka reli hii hadi ile. Waambie ilitokea Tanga ikafika Moshi enzi za Mjerumani kabla ya vita ya kwanza, Arusha ikaja kufika baadaye kwa Mwingereza, halafu treni ya abiria ikapotea miaka mingi mpaka iliporudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020.

Sasa ile ya babu ina upana wa milimita 45. Ni zile treni za kuchezea za chapa ya LGB, Wajerumani walianza kuziuza 1968, kila kitu kimepunguzwa mara 22 na nusu. Chukua mita moja ugawanye kwa 22.5 inakuja milimita 44 na kitu, yaani ni reli yetu hii hii ya Moshi imewekwa chini ya migomba! Binti yangu wa miaka saba alichuchumaa akaweka vidole katikati ya reli akasema, "Mama, si ndo ile ya stesheni?" Basi hapo ndo ikawa imeisha, saa mbili nzima hakubanduka.

Fikeni mapema, hili nasisitiza. Umeme wa treni unapita kwenye reli zenyewe, sasa usiku umande umeshuka, majani yamedondoka, vumbi limeganda, babu asubuhi nzima anafuta, bila hivyo treni inastuka stuka halafu inasimama. Watoto wakishamsalimia shikamoo waombeeni kitambaa nao wafute. Wangu walifuta mzunguko mzima wakaelewa mbona kona zake ni pana (behewa refu kwenye kona kali linaanguka) kuliko ambavyo ningewaeleza mimi wiki nzima.

Treni ikiwa inatembea wasiikamate kwa mkono, gia za ndani zinaharibika na vipuri kuvipata huku ni kazi. Kofia na maji mbebe, chakula hakiuzwi pale.

Babu kasema atafungua tena masika yakiisha. Sisi tunaenda, na kama mnakuja bebeni fulana kuukuu ya pamba, maana vitambaa vyake vimebaki viwili tu.