Rejesho limekushinda? Nenda benki kabla hawajakufuata

Dada, umesema mitumba pale Karume imedorora, rejesho la mwezi huu huna, na simu za afisa mikopo hupokei. Anza na hizo simu: pokea. Ukikaa kimya, wanakuhesabu mkorofi, na riba ya adhabu inazidi kupanda.

Nenda tawini na barua fupi: kilichotokea, unaingiza shilingi ngapi kwa wiki, unaweza kulipa ngapi. Ambatanisha daftari la mauzo na miamala ya simu. Omba mkopo upangwe upya, yaani muda uongezwe ili rejesho lipungue. Uliza jumla ya riba itakuwaje, maana muda mrefu haupunguzi gharama, mara nyingi unaongeza. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya kaunta hayana ushahidi.

Hao wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba ya kuumiza, unaotaka wakuokoe, hapana. Kabisa.

Benki ikikuzungusha, peleka malalamiko ya maandishi kwao kwanza. Wasipokuridhisha, Benki Kuu ya Tanzania, pale Mtaa wa Mirambo, Dar es Salaam, ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki. Hapo ule muhuri utakusaidia.