Usiianze hiyo amoksilini

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili. Unauliza kama baridi ya Leicester, huko Uingereza, ndiyo inayokupa mafua, haya ya tatu tangu Oktoba, na kama uanze kumeza amoksilini uliyobeba kutoka Tanga.

Usiianze, mama. Mafua huletwa na virusi, na amoksilini huua bakteria tu. Wodini nimepokea watoto wengi waliokuwa wamepewa vidonge viwili vitatu nyumbani, vingine vikawekwa kabatini kwa siku nyingine. Bakteria huizoea dawa kwa mtindo huo, na siku ya nimonia haisaidii.

Baridi peke yake haileti mafua. Ila huko mmefunga madirisha, mmebanana kwenye mabasi, na virusi vya homa ya mafua hudumu zaidi kwenye hewa baridi na kavu. Fungua dirisha kidogo kila siku, hata kama unatetemeka.

Kwa unavyoeleza, koo kuwasha kisha pua kuziba huku ukienda kazini, hayo ni mafua ya kawaida. Homa ya mafua humwangusha mtu ghafla: asubuhi mzima, jioni hajiwezi, mwili wote unauma.

Kilichoninyima usingizi ni ule unga wa pakiti unaokoroga kwa maji ya moto, halafu unameza na panadol. Soma pakiti. Nyingi zina parasetamoli ndani, dawa ileile iliyo kwenye panadol. Kwa mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ukihesabu na ya kwenye unga. Ini linaweza kuumia siku nzima kabla hujahisi chochote.

Tangawizi, limau na asali endelea navyo, vinatuliza koo. Kupiga nyungu acha. Majeraha ya maji ya moto nimeyafunga mengi mno.

Na chanjo ya homa ya mafua? Hukuitaja. Una pumu, na unavuta dawa yenye steroidi kila siku, kwa hiyo NHS, huduma ya afya ya serikali ya huko, inakupa bure. Hurudiwa kila mwaka kwa kuwa virusi hubadilika. Mafua yasiyo na homa hayazuii kuchanjwa, basi nenda famasi wiki hii.

Kifua kikibana na ile dawa ya pumu ya kuvuta, ya bluu, isikusaidie, usingoje kukuche. Piga 999.

Nipigie ukishachanjwa, hata kama huku ni usiku.

Mama yako