Majani ya kahawa kwenye basi: kwa anayetaka kusoma biolojia ya molekuli

Kila Julai matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipumziki. Anapiga shangazi kutoka Machame, anapiga jirani wa hapa Pasua, na Jumapili wengine wananisubiri nje ya kanisa. Swali ni lile lile: "Mwanangu, huyu kijana amesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) lakini alama za udaktari hazikutosha. Anataka kujaza biolojia ya molekuli. Ndiyo nini hiyo, na atakula wapi?" Nilisoma shahada hiyo Dar es Salaam kwa miaka mitatu, na najua jibu la kusimama mlangoni halimtoshi mtoto anayekwenda kuweka ujana wake humo.

Nianze na kijana mwenyewe. Mdogo wangu, kama unaichukua kozi hii huku moyo umebaki kwenye udaktari, tulia kwanza uamue. Mimi niliingia hivyo, na muhula mzima wa kwanza nilikaa darasani kama abiria anayesubiri gari jingine. Kozi hii haianzii kwa mgonjwa kitandani. Inaanzia ndani ya seli: vinasaba (DNA) vinanakiliwaje, protini inajengwaje, kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, kinafanyaje kazi na nini kinakizuia. Mwenye seli hizo anaweza kuwa mtu, ng'ombe, mgomba au mkahawa. Na mwaka wa kwanza una kemia kuliko biolojia. Darasani kwetu waliodisko, yaani walioondolewa chuo kwa kufeli, walikuwa wazuri tu kwenye biolojia. Walichokimbia ni kemia na hesabu.

Hesabu zenyewe si za kutisha, ila hazikuachi hata siku moja. Una mmumunyo wa chumvi wa mola 5 (mola ni kipimo cha ukolezi), unataka mililita 50 za mola 1.4. Unazidisha 1.4 kwa 50, unagawa kwa 5: unachukua mililita 14, unaongeza maji mpaka zifike 50. Zoea kuzimua namna hiyo mpaka mkono uende wenyewe, kwa sababu maabara utakuwa na mirija ishirini mbele yako na hakuna atakayekusubiri utafute kikokotoo.

Sasa nisimulie kilichonifundisha kuliko vipindi vyote. Mwaka wa tatu mradi wangu ulikuwa kutoa vinasaba kwenye majani ya mikahawa. Nilitaka kulinganisha mikahawa ya zamani ya babu, kihambani kwetu Kibosho, na miche mipya inayostahimili chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa. Pasaka nikapanda nyumbani, nikachuma majani makubwa, ya kijani iliyoiva, nikayafunga kwenye plastiki na kupanda basi la asubuhi. Nilipofungua mzigo Dar jioni, majani yalikuwa yametoa jasho na kuanza kuwa meusi. Nikayasaga hivyo hivyo. Vinasaba nilivyopata vilikuwa na rangi ya chai kavu na vilivutika kama ute wa bamia. Nikaviingiza kwenye PCR, njia ya kunakili kipande cha vinasaba mara nyingi kwa mashine, nikapitisha kwenye jeli, ambako vinasaba vilivyonakiliwa huonekana kama mistari, nikawasha taa. Hakuna mstari hata mmoja. Nikarudia, hakuna. Nikabadilisha joto, hakuna. Wiki tatu zikapita namna hiyo, na tarehe ya kukabidhi ripoti inakuja.

Msimamizi wangu hakuniuliza habari za mashine. Aliomba daftari. Akafungua kurasa, akaniuliza: majani yalikuwa na umri gani, yalichumwa saa ngapi, yalikaa muda gani kabla ya kusagwa, yalikuwa na rangi gani? Sikuwa nimeandika hata kimoja. Niliandika joto na mikrolita tu, kama ilivyo kwenye maelekezo.

Jani la kahawa lina polifenoli nyingi, kemikali za asili za mmea. Seli ikipasuka, zinakutana na hewa na vimeng'enya vinazigeuza kuwa rangi ya kahawia. Ni jambo lile lile unaloliona ukikata parachichi ukaliacha mezani. Takataka hizo zinang'ang'ania vinasaba na kukizuia kimeng'enya cha PCR. Kila mzunguko wa PCR unatakiwa kuzidisha vinasaba mara mbili, kiasi kwamba nakala moja, baada ya mizunguko 30 isiyo na hitilafu, inakuwa zaidi ya bilioni 1. Kimeng'enya kikizuiwa, mizunguko yote 30 inapita bure, na mashine haikwambii chochote.

Nilirudi Kibosho. Safari hii nilichuma majani machanga ya nchani, nikayakausha palepale kwa chembe za silika, nikaandika saa. Kwenye bafa, yaani mmumunyo wa kutolea vinasaba, nikaongeza PVP, kemikali ambayo hushika polifenoli. Vinasaba nikavizimua mara kumi ili kupunguza makali ya kilichobaki. Na kitu ambacho ningepaswa kukifanya tangu siku ya kwanza: kando ya sampuli zangu niliweka moja ambayo tayari ilijulikana inafanya kazi, na nyingine yenye maji matupu. Ile ya kwanza ikinyamaza, tatizo ni dawa au mashine. Ya maji ikitoa mstari, kuna uchafu umeingia. Nilipowasha taa, mistari ilikuwepo. Nililia, sioni aibu kulisema.

Kwa hiyo nunua daftari la jalada gumu. Weka namba kila ukurasa. Andika kwa wino, papo hapo, usisubiri jioni. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili kosa lisomeke. Jaribio lililoshindwa liandike kwa urefu kuliko lililofaulu.

Jambo jingine ni madesa, yaani nakala za notsi za waliotangulia. Kila mwaka yanapita mkono kwa mkono, pamoja na mitihani ya nyuma, na mtu anaweza kukariri akavuka. Nami nilikariri. Likizo moja nilikuwa jikoni namwelezea mama ugonjwa wa selimundu, kwa kuwa mtoto wa jirani anao. Nikamwambia kwa kujiamini: ni herufi moja tu kwenye jeni ya hemoglobini, GAG inakuwa GTG, basi asidi amino moja inabadilika kutoka glutamiki kuwa valini. Valini haipendi maji, kwa hiyo oksijeni ikipungua hemoglobini zinagandana na seli inapinda kama mundu. Mama akaendelea kumenya ndizi, kisha akauliza: "Kama unaua watoto hivyo, mbona haujaisha siku zote hizi?" Sikuwa na jibu. Nilirudi kusoma upya, nikaelewa kwamba aliyerithi nakala moja tu yenye kasoro kwa kawaida haugui selimundu, na ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo ilidumu katika nchi zenye malaria. Tangu hapo kila mada niliieleza kwa Kiswahili, kwa mtu ambaye hajasoma sayansi. Vipindi vinafundishwa kwa Kiingereza, na ni rahisi sana kujificha nyuma ya maneno yake.

Kompyuta usiiache nyuma. Mifuatano ya vinasaba imewekwa wazi kwenye GenBank, hazina ya mtandaoni, bila malipo, na programu ya BLAST itakulinganishia mfuatano wako na iliyomo humo, bure. Mwenye simu na bando anaweza kuanza leo.

Nirudi kwa shangazi na swali lake la atakula wapi. Shahada hii haina mlango mmoja wa ajira kama ualimu au uuguzi. Anayetaka kupima wagonjwa hospitalini asome sayansi ya maabara za tiba, kwani kazi ile ina kozi na usajili wake. Huyu wa molekuli anaelekea kwenye utafiti, mbegu, ubora wa vyakula viwandani, au maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambako hupimwa vinasaba vya kesi. Nilikaa miezi kumi na moja bila kazi baada ya kuhitimu, na sitamficha mzazi yeyote hilo. Wenzangu walioajiriwa mapema ni wale ambao maabara fulani ilishawaona wakifanya kazi wakiwa field, yaani mafunzo kwa vitendo.

Hapo sisi wa huku tuna bahati ambayo wanafunzi wengi hawaioni. Lyamungu, wilayani Hai, kuna TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, iliyotoa aina za mikahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Moshi, kwenye eneo la KCMC, kuna KCRI, wanaotafiti magonjwa ya binadamu. Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela, kwa atakayeendelea na uzamili. Barua ya kuomba field ipeleke Januari au Februari, kwa mkono kama unaweza, uandike unachoweza kufanya na unachotaka kujifunza. Mwaka wa pili nilipeleka tatu sehemu mbalimbali. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilinipa wiki nane kwenye sampuli za damu, na huko ndiko niliposhika pipeti, kifaa cha kupimia vimiminika vidogo, kutwa nzima kwa mara ya kwanza, bila kupokezana na wenzangu sita.