Barua kwa mwanangu: bilauri za usiku ule

Mwanangu Salim,

Salaam nyingi. Barua yako imefika, na mama yako kasomewa mara mbili. Unauliza kama wale wa Bullingdon, klabu ya karamu ya wanafunzi wa kitajiri hapo Chuo Kikuu cha Oxford, walifika mbali kwa sababu ya kula meza moja, na kama wewe, uliyealikwa na kikundi cha namna hiyo, uende.

Kufika walifika. Cecil Rhodes alikuwa mwenzao, na nchi ya Rhodesia ikapewa jina lake. David Cameron na Boris Johnson wamo katika picha moja ya mwaka 1987, wamevaa makoti ya mikia, na wote wawili wakaja kuwa mawaziri wakuu wa Uingereza. George Osborne, aliyekuwa waziri wa fedha, ni wa huko huko. Lakini mimi majina hayakunikamata. Kilichonikamata ni mwaka 1894, walipokula wakashiba, wakaenda kuvunja madirisha 468 ya chuo cha Christ Church usiku mmoja. 468! Aliyezoa vile vioo, mbona simwoni kwenye orodha ya watu mashuhuri?

Wajua nilikuwa weita kabla hujazaliwa. Usiku mmoja vijana wageni, wasomi wa kwao, waliinua bilauri wakanywa, kisha wakazirusha ukutani moja moja huku wakishangilia. Nikapiga magoti kuokota. Mmoja akanitia noti mfuko wa shati bila kunitazama, akaendelea na hadithi yake. Kulipa si kuomba radhi. Nilikwambia siku ile ulipovunja taa ya jirani. Hadi leo nikisikia glasi inaanguka, mkono unanienda kifuani, penye ule mfuko.

Ila noti zile nilizichukua. Tena nilijifungia chooni nikazihesabu. Ndizo zilizotimiza bei ya cherehani, na cherehani ndiyo iliyokulipia karo. Sasa ninune kwa haki gani? Na angalau wale walilipa. Mjomba wako alivunja kioo cha kabati letu ile Idi, mpaka leo anamsingizia paka. Halafu kuna Radosław Sikorski, aliyeingia Bullingdon naye ni mkimbizi kutoka Poland, akaja kuwa waziri wa mambo ya nje wa kwao. Kwa hiyo si wana wa matajiri watupu. Haya, nakubali. Lakini kulipa si kuomba radhi, hapo hunitoi.

Usinitake niseme nenda au usiende. Ulimi unaniwasha, nauuma. Ukienda, nitataka unieleze aliyewaletea sahani alikuwa nani na katokea wapi, kabla hujanieleza mlikula nini.

Mama yako katika barua yote amesikia neno koti tu. Anataka vipimo vya mabega yako, na tangu asubuhi anaitia mafuta cherehani.

Baba yako